UZI: Kwenda bustani ya burudani peke yako, mambo niliyoyajua kwa kuumia

KitiTupu (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima zenu.

Nilipanga na rafiki yangu kwenda kwenye bustani kubwa ya burudani, zile zenye rolakosta (treni za mchezo zinazopanda na kuporomoka kwa kasi), mashua za kuwamwagia watu maji, gwaride la mchana na fataki za usiku. Tiketi tumeshalipa, tarehe imeandikwa, pesa hairudi. Usiku wa kuamkia safari akanitumia ujumbe wa neno moja: "Tumbo." Nikakaa kitandani nikijiuliza nami nilale tu, au niende nikasimame kwenye foleni kama bwana harusi aliyekimbiwa.

Nilienda. Tangu siku hiyo nimekwenda mara nne zaidi, bustani tofauti, zote peke yangu na kwa kutaka mwenyewe. Humu nimeona watu wakiuliza kama inawezekana, wanajibiwa "nenda tu utafurahi". Jibu hilo halimsaidii mtu. Ngoja nieleze.

Aibu nianze nayo niimalize. Saa ya kwanza ni mbaya, sitawadanganya. Mhudumu wa bembea ya kwanza (humu kila mchezo wa kupanda nauita bembea) aliinua vidole akauliza "Wangapi?" nikajibu "mmoja" kwa sauti ya mtu anayekiri kosa. Nikawa natazama simu kila dakika ili walio nyuma yangu wadhani kuna mtu anakuja. Kufika bembea ya tatu nikagundua kwamba kwenye foleni ya watu mia mbili hakuna hata mmoja anayekuangalia. Wanatazama ubao wa dakika za kusubiri, wanafuta watoto pua, wanagombana nani kasahau chupa ya maji. Mtu pekee asiyegombana na mtu pale ni wewe.

Sasa kiini chenyewe. Ukienda na mwenzako, yeye ndiye kabati lako la mizigo, ndiye anayekushikia nafasi, ndiye mpiga picha, na ndiye anayekutazama usoni akasema "wewe umechoka, tukae". Hamkupangiana hizo kazi, zinafanyika zenyewe. Siku unayokwenda peke yako zote nne zinakuangukia, na karibu kila kosa nililofanya lilitoka kwenye mojawapo.

Begi. Rolakosta nyingi kubwa haziruhusu begi kwenye kiti. Kuna bustani zenye makabati mlangoni pa bembea, na kuna zenye rafu tu upande wa pili wa jukwaa: unaweka begi hapo, unaliona likibaki, wewe unaondoka. Wenye familia humwachia bibi asiyepanda. Wewe huna bibi. Kwa hiyo usibebe begi kabisa kama hali ya hewa inaruhusu. Mimi sasa naenda na pochi ndogo ya kiunoni yenye zipu, na suruali yenye mifuko inayofungwa. Uliza mapema kama pochi ya kiunoni inaruhusiwa kupanda nayo, maana bembea nyingine wanaikubali ukiigeuzia mbele chini ya chuma cha kukubana, na nyingine hawataki hata kuiona.

Kwa nini nasisitiza mifuko ya kufungwa? Safari ya pili niliweka simu kwenye mfuko wa shati. Treni ilipopinduka juu chini nikaisikia ikitoka, nikaiona kwa nukta moja ikiwa juu yangu, kisha basi. Nikawaendea wahudumu, wakaniambia hakuna anayeruhusiwa kuingia chini ya reli bembea ikiwa kazini, vitu huokotwa baada ya kufunga. Ni sahihi kabisa, mtu anaweza kugongwa kule. Lakini tiketi ilikuwa kwenye simu, ramani kwenye simu, usafiri wa kurudi kwenye simu, jina la hoteli kwenye simu. Na huna mwenzako wa kusema "tumia yangu". Nilirudi kesho yake nikaipata, kioo kimepasuka kama utando wa buibui. Tangu hapo nabeba kikaratasi: jina la ninapolala, namba mbili za watu wangu, na saa ya usafiri wa mwisho. Kinakaa kwenye kiatu.

Choo na maji. Ukitoka kwenye foleni umetoka, hakuna wa kumwambia "nishikie nafasi". Kabla ya foleni yoyote inayozidi nusu saa, pita chooni hata kama hujisikii. Tutaona nani atanicheka.

Nitarudi na habari ya foleni, maana hapo ndipo utamu ulipo.

Nyundo ya Jioni

Naweka kigoda hapa. Endelea mkuu.

Mama Pacha

Mimi niko upande wa pili wa hadithi. Nakwenda na watu sita kila mara, na naomba Mungu siku moja niende peke yangu. Na watu sita hupandi bembea sita kwa siku. Huyu anataka choo, huyu anaogopa, huyu kapotea. Soma kwa wivu.

KitiTupu

Hahaha, pole bi mkubwa.

Haya, foleni. Bustani nyingi kubwa, kwenye baadhi ya bembea, zina mlango wa pembeni wa foleni ya mtu mmoja mmoja. Sababu yake ni hesabu tu. Chukua treni ya rolakosta yenye viti viwili viwili kwa mstari. Wanakuja watu watatu wanaojuana: wawili wanakaa pamoja, wa tatu anakaa mstari wa nyuma, na pembeni yake kiti kimebaki wazi. Bustani haipendi treni iondoke na kiti kitupu, kwa hiyo mhudumu anageuka kwenye ile foleni ya pembeni anaita: "Mmoja!" Ndiyo asili ya jina langu humu.

Mara ya kwanza kuitwa hivyo ubao wa foleni kuu ulikuwa unasema dakika sabini. Mimi nilisimama kumi na mbili.

Lakini msiikimbilie kama vipofu, kwa sababu foleni hiyo inategemea makosa ya foleni nyingine. Siku ambayo kila kundi ni la wawili au la wanne, viti havibaki, na mnaoitwa "wapweke" mnasimama mpaka miguu inaota mizizi. Fanya hivi: kabla ya kuingia, kama unaona jukwaa, tazama treni tatu zikiondoka. Hesabu wamechukuliwa wangapi kutoka foleni ya pembeni, kisha hesabu walio mbele yako. Treni ikiondoka kila dakika na inachukua wawili, watu thelathini mbele yako ni robo saa. Ikichukua mmoja kwa treni mbili, hao hao thelathini ni saa nzima, na ni afadhali foleni ya kawaida. Bembea yenye viti vitatu vitatu ndiyo rafiki yako mkubwa, maana wapenzi wakikaa wawili cha tatu ni chako.

Kuna vitu unavipoteza. Huchagui kiti, unawekwa palipo wazi. Na mara nyingi njia ya pembeni inakuruka hadithi ya bembea. Mfano unaojulikana sana ni rolakosta ya Expedition Everest, pale Disney's Animal Kingdom kule Florida: foleni kuu inapita kwenye jumba lililotengenezwa kama makumbusho ya Yeti, yule dubwana wa hadithi za milima ya theluji, na njia ya mtu mmoja mmoja inalikwepa lote. Ukikimbilia dakika umepishana na nusu ya kazi ya waliojenga. Kanuni yangu: bembea nzuri mara ya kwanza napita foleni kuu, mara ya pili na ya tatu ndiyo naingia pembeni.

Jambo jingine, bustani nyingine hazitangazi mlango huo. Hauonekani kwenye ubao, au unafunguliwa foleni kuu ikizidi tu. Muulize mhudumu mlangoni, hachukii.

Kichwa Kinazunguka

Mkuu, mimi shida yangu ni tumbo na kichwa. Nikiwa na mtu ananishika mkono nikishuka. Peke yangu nikizidiwa je?

KitiTupu

Swali zuri, na hili nalo limenikuta. Safari ya tatu nilipanda rolakosta tatu mfululizo tumbo likiwa tupu, jua kali, sababu hakukuwa na mtu wa kusema tule. Nikatoka nikaona dunia inaelea. Nikakaa chini ukutani palepale, watu wananipita. Baba mmoja aliyekuwa na watoto akanipa maji, akaita mhudumu, nikapelekwa chumba cha huduma ya kwanza. Kumbe chumba kipo, kina vitanda, kina wauguzi, na nilikuwa nimekipita mara mbili asubuhi bila kukiona.

Kwa hiyo ukiingia tu, kwenye ramani tafuta chumba cha huduma ya kwanza hata kabla ya kutafuta bembea. Kula kidogo kidogo, usipande na tumbo tupu wala lililoshiba. Kati ya bembea mbili zinazozungusha weka moja ya kukaa kivulini. Na tofautisha bembea za aina mbili: zile zinazokurusha kweli, na zile unazokaa kwenye kiti kinachotikisika mbele ya skrini kubwa. Hizi za skrini ndizo zinazowamaliza wengi, kwa sababu macho yanaambiwa unaruka na sikio la ndani linasema umekaa. Ukianza kuzidiwa, toa macho kwenye skrini, tazama pembeni kitu kisichosogea, au yafumbe.

Dawa za kuzuia kichefuchefu nyingi zinaleta usingizi. Kama utaendesha gari kurudi na hakuna dereva mwingine, muulize mfamasia kwanza.

Asiyeogopa Kimo

Niongeze hapo. Mabango yanayosema usipande kama una mimba, moyo, mgongo au shingo si mapambo. Ukiwa na watu kuna atakayekukumbusha. Peke yako unasoma na kujiamulia, na kiburi cha "nimelipia" ni kibaya sana.

Pia mwanzisha uzi hajagusa viti. Siti ya mbele na ya nyuma si kitu kimoja. Treni ikifika kileleni, ya mbele inaning'inia inasubiri uzito wa nyuma, unaona bonde lote. Ya nyuma inavutwa: mabehewa ya mbele yameshaanza kushuka, kwa hiyo wewe unapita kilele kwa kasi na makalio yanaachana na kiti. Anayeogopa akae katikati. Kwenye foleni ya kawaida jioni, watu wamepungua, mwombe mhudumu kwa adabu akuweke mbele. Mtu mmoja ni rahisi kumpangia kuliko watano.

Na panda jioni. Wapenzi wa rolakosta watakuambia treni za jioni zina kasi kuliko za asubuhi, magurudumu na grisi vikishapata joto. Ukiongeza na giza, hujui kona inatoka wapi.

Mzito Kidogo

Nitaandika jambo ambalo watu hawaandiki. Mimi ni mkubwa wa mwili. Kinachoniogopesha si bembea, ni kusimama saa nzima, nikae, chuma kisifunge, halafu niteremshwe mbele ya treni nzima. Nimeteremshwa mara moja, nikiwa na wafanyakazi wenzangu. Sikupanda kitu siku ile, nilibaki nashika mabegi.

Kwenda peke yangu kuliniponya. Nje ya bembea nyingi kubwa kuna kiti cha mfano, unakaa unajaribu kufunga. Nikiwa na kundi nilikuwa naona haya kukijaribu. Peke yangu nakaa, nasukuma chuma, kikifunga naingia, kisipofunga naondoka na hakuna aliyejua. Na bembea nyingine zina mistari maalumu yenye viti vipana au mkanda mrefu zaidi. Unamuuliza mhudumu wa jukwaani kwa sauti ndogo, anakuelekeza mstari namba fulani. Wanafanya hivyo kila siku, si ajabu kwao.

Mama Pacha

Umenigusa kaka. Asante kwa kusema.

Dada wa Ramani

Upande wa wanawake nao usemwe. Nimekwenda peke yangu mara saba sasa.

Foleni zinazungumzisha, na watu wengi ni wema tu. Lakini swali la "uko peke yako?" likitoka kwa mtu nisiyemjua sijibu ndiyo. Nasema nakutana na wenzangu baadaye. Si uongo wa dhambi. Hoteli yangu sisemi, na picha naweka mtandaoni nikishaondoka, si nikiwa pale.

Nyumbani namwachia mtu mmoja ratiba: naingia saa ngapi, natoka saa ngapi, nikifika chumbani nitaandika. Asiposikia kufikia saa fulani, anapiga. Mume wangu aliona nazidisha mpaka siku betri iliponiishia.

Na hapo ndipo hatari halisi ilipo, simu kuishiwa chaji. Programu ya bustani inakula betri kuliko kitu kingine, maana inatumia ramani, dakika za foleni, kuagizia chakula, tiketi. Bebeni pawabenki iliyojaa na waya wake. Punguzeni mwanga wa skrini. Mkiwa foleni ndefu zimeni intaneti, mtazameni watu, kuna sinema ya bure pale.

La mwisho, fataki. Zikiisha, watu wote wanatoka kwa mlango mmoja kwa wakati mmoja. Angalia mapema usafiri wa mwisho unaondoka saa ngapi. Ama utoke dakika kumi kabla hazijaisha, ama ubaki ndani ukae kwenye benchi nusu saa msongamano upungue. Katikati ya hayo mawili ndiko kwenye kubanwa.

KitiTupu

Dada kamaliza. Mimi kwenye fataki huwa natumia ujanja mwingine: gwaride na fataki zinanyonya watu kutoka kwenye bembea. Wakati wanapanga viti barabarani kusubiri gwaride, foleni zinapungua. Kama umeshaliona mara moja inatosha, nenda kapande. Na bustani nyingi, aliyeingia kwenye foleni kabla ya saa ya kufunga hupandishwa. Bembea yako kubwa kuliko zote iwe ya dakika za mwisho, au iwe ya kwanza kabisa asubuhi. Ukiwa getini nusu saa kabla halijafunguliwa, saa moja ya mwanzo inaweza kukupa bembea tatu ambazo mchana zingekula nusu siku.

Siku yenyewe: katikati ya juma, nje ya likizo za shule. Na mvua nyepesi ni baraka, familia zinakimbia, wewe uliyebeba koti jepesi unabaki. Radi ni jambo jingine, bembea za nje zinafungwa zote.

Nyundo ya Jioni

Kula je? Mimi ndipo ninaposhindwa. Mezani na sahani moja naona kama kila mtu ananihesabu.

KitiTupu

Kula saa isiyo ya watu. Kabla kundi halijaanza kula, au baada ya wote kumaliza. Unapata meza, unapata kivuli, na hakuna anayekutolea macho akusubiri uinuke. Migahawa ya kukaa yenye kuhitaji nafasi mapema, mtu mmoja mara nyingi anapenyezwa hata wakisema imejaa, muulize wa mlangoni. Tahadhari moja: sahani mezani, wewe unakwenda kuchukua kijiko, hakuna wa kulinda. Ndege wa kwenye bustani hizi ni majambazi waliohitimu. Nimewahi kurudi nikakuta karatasi tu.

Mzee wa Shaka

Niwe mkweli, mimi nilijaribu na sikupenda. Nilifika juu ya gurudumu kubwa la bembea, jua linazama, nikageuka kumwambia mtu "tazama kule" nikakuta kiti. Nikashuka nikaenda nyumbani. Msiwadanganye vijana kwamba ni raha tupu.

KitiTupu

Mzee, shikamoo. Sikatai. Nami gurudumu nimeliacha kwa sababu hiyohiyo, ni bembea ya kuzungumza. Rolakosta haizungumziki, hata ukiwa na mtu mnapiga kelele tu kila mmoja na yake. Bembea ya taratibu, mashua za wawili, gurudumu, hapo ndipo kiti kitupu kinakuumiza. Mimi huzipita, au nazipanda asubuhi nikiwa bado na nguvu.

Hata urefu wa siku nao ni wa kuamua. Peke yako unafanya mambo upesi, saa sita au saba zinatosha bustani ambayo kundi lingekaa kutwa. Ukijisikia umetosheka, ondoka. Mwanzoni nilikuwa nang'ang'ania mpaka kufunga kisa tiketi, narudi nimenuna.

Kichwa Kinazunguka

Nimeanza kushawishika. Bustani gani inamfaa anayeanza, tena asiyependa kurushwa sana?

Asiyeogopa Kimo

Tafuta yenye kitu cha kutazama zaidi ya reli. Tivoli pale Copenhagen, Denimaki, ya tangu mwaka 1843, iko katikati ya jiji jirani na stesheni kuu ya treni. Kiingilio na bembea vinalipiwa mbalimbali, kwa hiyo unaweza kuingia ukakaa kwenye maua na taa za jioni, ukapanda moja tu au usipande kabisa. Kwa mtu peke yake hilo ni jambo kubwa, hakuna deni la tiketi linalokusukuma. Efteling ya Uholanzi, iliyofunguliwa mwaka 1952, ina msitu wa hadithi ambao unautembea kwa mwendo wako, na siku ukijisikia shujaa kuna rolakosta ya Baron 1898 inayokudondosha mita 37 na nusu kwenda shimoni, nayo ina foleni ya mtu mmoja mmoja.

Usianzie Ferrari World ya Abu Dhabi. Rolakosta yake ya Formula Rossa inafika kilomita 240 kwa saa, mnavalishwa miwani ya kukinga macho. Kichwa chako kitazunguka hadi Jumatatu.

Dada wa Ramani

Na kabla ya kulipia popote, soma masharti yao kuhusu mtu mzima aliye peke yake. LEGOLAND Discovery Centre, vile vituo vya ndani vya michezo ya watoto, kwa mfano, mtu mzima haruhusiwi bila mtoto, isipokuwa usiku maalumu wa watu wazima. Kuna na mabwawa ya maji ambako boya la mteremko linataka wawili. Muulizeni mhudumu, mara nyingi anawaunganisha na mwingine aliye peke yake.

Na kwa akina kaka: eneo la watoto wadogo, usisimame hapo unapiga picha. Hujafanya kosa, lakini jiweke kwenye nafasi ya mzazi anayekutazama.

KitiTupu

Kweli kabisa. Picha zako, mwombe mtu ambaye naye ametoka kupigwa picha na mwingine. Unamwambia "niwapige wote pamoja, kisha mnipige mimi". Hakuna aliyewahi kunikatalia, maana siku zote kuna mmoja wao asiyeonekana kwenye picha yoyote. Mara nyingi ni mama.

Mama Pacha

Nimejiona hapo.

Kichwa Kinazunguka (wiki tatu baadaye)

Wakuu nimerudi. Nilikwenda jana.

Kikaratasi kwenye kiatu, pochi kiunoni, pawabenki imejaa. Chumba cha huduma ya kwanza nilikitafuta kabla ya kitu chochote. Asubuhi nilisema "mmoja" kwa sauti ya panya kama mlivyotabiri. Ya skrini nilijaribu moja, nikafumba macho robo tatu ya safari, sirudii. Nikala mapema, ndege mmoja kanitazama tukaelewana.

Saa za jioni nikajipa moyo nikaingia foleni ya pembeni ya rolakosta. Dakika tisa. Nikawekwa pembeni ya binti wa miaka kama kumi hivi, baba yake mstari wa mbele anageuka geuka. Binti akaniuliza, "Mara yako ya kwanza?" Nikasema ndiyo. Akaniambia nisiangalie chini, niangalie mlingoti wa bendera kule mbali. Nilipojaribu kumjibu tukawa tumeshaanza kushuka.

Sasa swali. Picha ile ambayo kamera ya bembea ilitupiga kwenye mteremko bado wanaiuza mtandaoni kwa siku chache. Mimi nimefumba macho, mdomo wazi, na mtoto wa watu pembeni ananicheka bila huruma. Ninunue au niache?

KitiTupu

Nunua. Halafu mzibe mtoto uso kabla hujaibandika humu.